Kuijua Lipu Njema Kabla Hujalipa

Nyumba nyingi za Chanika, Kivule, Mbagala na pembezoni mwa miji yetu huhamiwa kabla hazijaisha. Kuta zikishavuka lenta na bati likapigwa, mlango wa mbele na wa nyuma hufungwa, madirisha huwekwa nondo, na familia inaingia ili kukimbia kodi. Matofali yanabaki wazi ndani na nje. Mwaka mmoja au miwili baadaye fedha kidogo hupatikana, na swali linaanza: tuanze na nini? Mmoja anataka vigae sebuleni, mwingine dari ya jipsamu yenye taa za kuzunguka. Mimi kila ninapoulizwa nasema anzeni na lipu, na kama fedha haitoshi nyumba nzima, pigeni chumba kimoja kwa ukamilifu.

Nina sababu. Lipu huziba viungo vya matofali wanamojificha mende na kunguni, hukata vumbi la saruji linaloshuka kitandani, huzuia mvua ya upepo isipenye, na ndiyo inayobeba kila kitu kitakachofuata, iwe rangi, soketi ya umeme au kigae cha bafuni. Tena ni kazi isiyosamehe. Kigae kimoja kibaya kinang'olewa na kubadilishwa. Lipu mbaya utailipia mara tatu: kuipiga, kuibandua na kuipiga upya, na juu ya hapo utalipa gari la kuzoa kifusi. Mwenye fedha nyingi anaweza kuuvumilia mzunguko huo. Mwenye fedha kidogo hana budi kuwa na jicho kali kuliko tajiri, na jicho hilo hujifunzwa bila gharama yoyote.

Ubora wa lipu huanza kwenye rundo la mchanga lililomwagwa mbele ya nyumba. Simenti wengi wanaihofia na kuichunguza, lakini mchanga wanaupokea kama ulivyoletwa, wakati ndio unaochukua sehemu kubwa ya ukuta. Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, ya lita moja na nusu. Ijaze mchanga hadi nusu, ongeza maji mpaka robo tatu, tia kijiko cha chumvi ili tope litulie haraka, funga na utikise kwa nguvu kwa dakika moja. Iweke mahali tambarare isiguswe kwa saa tatu. Mchanga utatua chini, na juu yake utaona tabaka laini la tope lenye rangi tofauti. Chukua rula ya mtoto wa shule upime. Mchanga ukiwa na kimo cha sentimita 12, tope lisizidi sentimita moja. Likifika mbili, mchanga huo umechotwa pamoja na udongo wa ukingo wa mto, na lipu yake itapasuka ikikauka hata ukimwita fundi bora wa mkoa mzima. Ama uchujwe na kuoshwa, ama gari lirudi nao. Fanya jaribio hilo kwa mchanga wa sampuli, kabla gari halijapakiwa, maana mchanga ukishamwagwa uwanjani mabishano hayaishi.

Mchanga wa ufukweni usiupokee kabisa, hata ukipewa bure. Chumvi yake huvuta unyevu wa hewani, na ukuta utatoa madoa na unga mweupe miaka na miaka.

Kwenye simenti kuna fedha ya kuokoa ambayo wengi hawaijui. Mfuko huandikwa daraja lake, 32.5 au 42.5. Lile kubwa ni la zege la nguzo, mihimili na slabu. Kwa lipu, 32.5 inatosha kabisa, na kwa kawaida bei yake ni ndogo. Tazama tu kama mfuko haujapigwa na unyevu: ukiufungua, ingiza mkono. Simenti hai ni laini na ya ubaridi. Ukikuta madonge yasiyovunjika kwa vidole viwili, mfuko huo urudishwe dukani.

Halafu kuna imani kwamba simenti ikizidi, lipu inakuwa imara zaidi. Si kweli, na imani hii imeharibu kuta nyingi kuliko ubahili. Lipu yenye simenti nyingi husinyaa sana inapokauka. Tofali lililo nyuma yake, hasa hili la mitaani ambalo mfyatuaji ameubana mfuko ili atoe matofali mengi, ni dhaifu kuliko lipu yenyewe. Lipu ikisinyaa kwa nguvu, tofali haliwezi kuishika. Inaachia na kubaki imesimama peke yake kama ganda. Ukuta wa ndani unataka mfuko mmoja kwa mchanga mara tano au sita, na ukuta wa nje unaopigwa na mvua unaweza kufika mara nne. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo kwa mchanganyo wa moja kwa tano utahitaji ndoo tisa kasoro kidogo za lita 20. Pimeni kwa ndoo. Toroli hujazwa kulingana na uchovu wa msaidizi, asubuhi nusu na mchana kilima. Mchanganyo huo, ukipigwa kwa unene wa milimita 15, hufunika takriban mita za mraba 10, na kwa hesabu hiyo unaweza kujua kabla ya kununua ni mifuko mingapi inahitajika, na baada ya kazi kama mifuko yote iliishia ukutani.

Siku ya kazi, kaa karibu. Si kwa kumsumbua fundi. Fundi mzuri hufurahi kuangaliwa na mtu anayeelewa. Tazama anachofanya kabla ya mwiko wa kwanza. Je, anachokoa viungo vya matofali ili lipu ipate pa kushika? Je, anaumwagia ukuta maji na kusubiri uyanywe? Tofali kavu huyanyonya papo hapo maji ya mota, yaani ule mchanganyo wa simenti na mchanga, na simenti isiyo na maji haigandi, inabaki vumbi. Kisha tazama kama ana uzi. Fundi anayejua kazi hufunga uzi kutoka kona hadi kona, anaweka vipande vidogo vya mota vinavyogusa uzi huo, anavipima kwa timazi juu na chini, anaviunganisha kuwa mistari iliyosimama wima, halafu ndipo anajaza katikati na kukwangua kwa ubao mrefu unaopita juu ya mistari hiyo. Hapo macho yake hayakisii kitu, ukuta unajinyoosha wenyewe. Anayeanza kwa kurusha mota kutoka pembeni na kuisawazisha kwa kukadiria atakupa mawimbi, na mawimbi hayo hayafichwi na rangi yoyote.

Unene nao una sheria. Milimita 12 hadi 15 ndani, na 20 nje, ndiyo lipu. Kama ukuta ulijengwa umepinda na mahali fulani panahitaji sentimita tatu, zipigwe kwa tabaka mbili: la kwanza likwaruzwe mistari likiwa bichi, liachwe lishike angalau siku nzima, ndipo la pili lifuate. Lipu nene iliyobandikwa kwa mara moja hushuka kwa uzito wake, na utaona tumbo limetokeza chini ya dirisha.

Kuna mambo mawili ambayo ukiyaona, simamisha kazi kwa adabu. La kwanza ni mota iliyochanganywa asubuhi, ikalala wakati wa chakula cha mchana, kisha ikaamshwa kwa kuongezwa maji. Mota ina saa moja na nusu, ikizidi sana mbili. Baada ya hapo imeanza kuganda, na maji mapya hayairudishii nguvu, yanaifanya ionekane laini tu. Changanyeni kidogo kidogo. La pili ni kurushia simenti kavu juu ya lipu mbichi ili ikauke haraka na fundi aondoke mapema. Simenti hiyo hutengeneza ngozi ngumu juu ya mwili laini, na baada ya wiki chache ngozi inavunjika nyufa ndogondogo zilizosambaa ukuta mzima. Ukiziona nyufa za namna hiyo kwenye nyumba unayotaka kununua au kupanga, umeshajua jinsi siku ya kazi ilivyokuwa.

Kazi ikiisha, fundi huondoka, na hapo ndipo nusu ya ubora hupotea. Lipu inatakiwa kumwagiliwa kuanzia siku inayofuata, asubuhi na jioni, kwa siku saba angalau, na upande unaopigwa na jua la mchana uongezewe. Najua maji yana bei, na mahali pengi tunanunua kwa dumu. Basi tundikeni magunia yaliyoloweshwa kwenye ukuta wa nje. Yanashika unyevu kutwa nzima na yanakula maji machache kuliko kurusha kwa kopo. Mwezi wa kwanza na wa pili, jua la Dar es Salaam likiwa kali, upande wa magharibi upigwe asubuhi ukiwa kivulini. Wakati wa masika, kuta za nje ziachwe kabisa mpaka mvua zipungue.

Sasa tuje kwenye kuihukumu. Subiri ukuta ukauke vizuri, wiki mbili au tatu, na uende usiku. Zima taa. Washa tochi ya simu na uilaze ukutani, mwanga ukimbie sambamba na ukuta badala ya kuupiga usoni. Kila kilima kitatupa kivuli, kila shimo litajaa giza, kila mahali mwiko ulipokaa na kuondoka patajichora. Ukuta unaoonekana umenyooka kabisa mchana unaweza kuwa bahari yenye mawimbi usiku. Usitafute ukamilifu wa kioo. Mkono wa binadamu una alama zake, na alama ndogo zilizo sawa kote ni heshima ya fundi. Kinachotafutwa ni vivuli virefu vinavyovuka ukuta kutoka upande hadi upande, maana hivyo husema mistari ya kuongozea haikuwekwa. Ukitaka uhakika, chukua ubao ulionyooka wa mita mbili, ulaze ukutani, na ujaribu kupenyeza sarafu katikati. Ikiingia moja kwa shida, umepata kazi nzuri. Zikipita mbili zikicheza, unamdai fundi maelezo na marekebisho.

Baada ya jicho, sikio. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole au kwa sarafu, kila baada ya hatua ya kiganja, kuanzia juu hadi chini. Lipu iliyoshika hutoa sauti fupi, nzito, isiyo na mwangwi. Iliyoachia hutoa sauti ya uwazi, yenye mwitiko, na tofauti yake huhitaji kufundishwa mara moja tu. Chora kwa chaki kila mahali panapolia hivyo. Doa la ukubwa wa kiganja mbali na kona unaweza kuishi nalo. Madoa yanayoungana, au yaliyo juu ya mlango na dirishani ambako mlango unapigwa na dirisha linatikisika, yabanduliwe na kupigwa upya kabla ya rangi, kwa sababu yataanguka, na hayatachagua siku. Hapa ndipo utasikia maneno niliyoyasikia kwenye majengo mengi: "Mama, ukishapaka rangi hapaonekani." Jibu liwe la upole na lisiyumbe: "Fundi, hapa naomba turudie."

Sugua kiganja. Kikitoka na mchanga kidogo si neno, kikitoka kimejaa chembe na ukuta unaendelea kumwagika, basi ama simenti ilipunjwa ama maji hayakumwagwa. Pitisha ncha ya msumari kwa nguvu ya kawaida: mstari mwembamba ni afya, mfereji ni ugonjwa. Halafu nenda kwenye kona na kwenye maungio ya fremu za madirisha, maana fundi mvivu huchoka hapo. Kona ya chumba ipime kwa uzi: sentimita 60 upande mmoja, 80 upande wa pili, na kati ya alama hizo mbili lazima upate 100. Ikizidi au ikipungua kidogo, utakuja kuilipia siku ya kuweka kabati au vigae, vitakapokatwa kwa mshazari ukutani.

Nyufa nazo zina lugha, na si zote ni kosa la fundi wa lipu. Zile ndogo zilizosambaa nimekwisha kuzitaja. Ufa unaoanzia kona ya dirisha na kukimbia kimshazari huelekeza kwenye lenta fupi au msingi uliotikisika. Ukiuziba kwa lipu utarudi palepale, hivyo fedha yako iende kwanza kwa anayeweza kuutazama msingi. Na ule unga mweupe unaochomoza chini ya ukuta, sentimita 30 hadi mita moja kutoka sakafuni, ukibandua rangi kila mwaka, ni chumvi inayoletwa na maji yanayopanda kutoka ardhini. Watu hununua rangi ghali zaidi, wanaipaka juu yake, na mwaka unaofuata wananunua tena. Toka nje utazame. Mara nyingi udongo wa uani umerundikana mpaka umepita mkanda wa kuzuia unyevu, au maji ya bati yanadondokea ukutani kwa kukosa gata, au bomba la bafu linavuja. Jembe la siku moja kushusha udongo huo linafanya kazi ambayo ndoo tatu za rangi haziwezi.

Pwani yetu ina historia ndefu ya kuiheshimu kazi hii. Songo Mnara na Kilwa Kisiwani, zilizoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1981, bado zina mabaki ya lipu ya chokaa, na mahali pengine watu wa zamani walichora humo majahazi kwa ncha ya kitu chenye makali. Lamu, mafundi wa karne ya 18 walichonga zidaka, safu kwa safu za vishubaka vya lipu kwenye ukuta wa chumba cha ndani, kazi ambayo bado inawasimamisha wageni mlangoni. Mafundi hao walitumia chokaa ya matumbawe yaliyochomwa, na hapa nina ombi kwa wanaoishi kwenye nyumba za mawe za Lamu, Mombasa, Unguja au Bagamoyo. Msizipige lipu ya simenti kwa sababu ni rahisi kupatikana. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Simenti huufungia ndani, chumvi inakusanyika nyuma ya ganda, na mawe yenyewe yanaanza kumomonyoka. Nyumba ya chokaa itibiwe kwa chokaa, hata kama ni kipande kidogo kila mwaka.

Hata kwa nyumba ya matofali ya simenti, chokaa ni rafiki wa mwenye fedha kidogo. Iloweke usiku kucha, ichuje, tia chumvi kidogo, paka tabaka tatu nyembamba badala ya moja nzito. Itakupa weupe mtulivu ambao rangi za bei ndogo hazina. Ikikauka, pitisha kiganja: vumbi kidogo ni kawaida yake, magamba yanayobanduka ni dalili kwamba ilipakwa nzito. Kama unataka rangi ya dukani, subiri mwezi mzima baada ya lipu, maana lipu changa ina ukali unaokula rangi, hasa ya mafuta. Kulainisha ukuta kwa ule unga mweupe wanaouita skimu ni anasa. Kama lipu imesuguliwa vizuri kwa kibao, chumba cha kulala hakiuhitaji, na kama haikusuguliwa vizuri, skimu itafuata mawimbi yaleyale. Stoo na uzio wa nyuma unaweza kuviacha bila lipu kabisa, ukajaza viungo kwa usafi ukapata ukuta wa heshima. Na sakafu ya niru, yaani ya simenti iliyong'arishwa kwa mwiko wa chuma na kumwagiliwa maji wiki nzima, kwa macho yangu ni nzuri kuliko kigae cha bei ya chini kinacholia ukikikanyaga.

Namna ya kumpata fundi ni fupi. Usimwombe picha za simu. Mwombe akupeleke kwenye nyumba aliyoipiga lipu miaka miwili iliyopita, ambayo imepita masika mawili. Ukifika, msalimu mwenye nyumba, omba ruhusa, gonga ukuta. Fundi anayekubali bila kusita ameshajibu nusu ya maswali yako. Mkubaliane bei kwa kazi nzima ya chumba, kwa maandishi hata kama ni kwenye daftari, na mgawanye malipo: sehemu ya kuanzia, sehemu ukuta ukikamilika, na sehemu ya mwisho baada ya siku za maji na ukaguzi wa tochi. Mweleze hayo mapema, mbele ya mtu wa tatu, ili siku ya kugonga ukuta isiwe ya kushtukiza.

Na ukuta ukifaulu, mlipe siku hiyohiyo, mpaka senti ya mwisho, bila kumwambia arudi Jumatatu. Kisha waite majirani waje wauguse, na uwape namba yake. Mafundi wa namna hiyo wapo katika kila mtaa, na wanakosa kazi kwa sababu wateja hawajui kuwatofautisha na wengine.